Fundi wa Kupokea

Watu wakisikia kwamba nilikuwa mwanafunzi wake huanza kutabasamu, wakisubiri nimwage sifa. Sina sifa za kumwaga. Mtu aliyenichukua nikiwa kijana wa ndevu za kuhesabika, akaniweka ukutani mpaka nikaota mvi, hanidai sifa. Nitasema niliyoyaona. Anayetaka habari za mzee mwenye busara na upole akazitafute kwa mwingine.

Tulimwita Fundi. Neno mwalimu siku zile lilikuwa na mwenyewe, na yeye hata angepewa asingelikubali. Alisema mwalimu hufundisha wanaokuja, fundi hufundisha wanaobaki. Mchana alichonga mipini ya majembe na mashoka uani kwake Tandika, biashara ambayo haikulala katika miaka ile, maana kila kiongozi aliyepanda jukwaani alitutaka tushike jembe. Alasiri alifagia magome na vipande vya miti, akamwagia maji vumbi, na ua ukageuka uwanja wa kirumbizi.

Kwa asiyeujua, kirumbizi ni mchezo wa fimbo wa watu wa pwani. Ngoma na zumari vinalia, watu wanafanya duara, wawili wanaingia kati, kila mmoja na fimbo yake, na anayemgusa mwenzake kichwani ndiye kashinda. Huchezwa harusini na siku za Idi. Wageni hudhani ni kucheza tu. Mimi nina jino pungufu kwa sababu ya huko kucheza tu.

Siku ya kwanza aliniambia nisimame, mgongo kwenye ukuta wa nyumba yake, ili nisipate pa kurudi nyuma. Akachukua mti wa muhogo uliokauka akaanza kunipiga. Kazi yangu ilikuwa moja: kupokea. Kupokea ni kuikinga fimbo ya mwenzako kwa fimbo yako kabla haijakufika. Sikuruhusiwa kurudisha. Mvua zikaja zikaondoka, mti wa muhogo ukawa mwanzi, mwanzi ukawa mkole wenyewe, fimbo inayovunja mfupa, na kurudisha ilikuwa bado marufuku. Ukisahau ukarudisha, hata kwa bahati mbaya, alikunyang'anya fimbo na kukupanga tena kwenye mti wa muhogo pamoja na waliokuja jana.

"Kupiga hata mlevi anajua," alisema. "Mie sifundishi ulevi."

Ukuta ule ulikuwa wa udongo, na mwenye ukuta hakuwa yeye, alikuwa mkewe. Sote tulimwita Mama. Alikaanga maandazi mlangoni asubuhi, na kila mvua zilipokatika alikanda udongo na kuziba mashimo ya viwiko na visigino vyetu huku akitutukana mmoja mmoja kwa jina. "Nyie mnajifunza kupigana au mnajifunza kubomoa nyumba za watu?" Ndiye pekee aliyesema na Fundi vile alivyotaka. Sie wengine tuliinamisha vichwa.

Sasa nieleze nilichokuwa nakitaka, kwa sababu bila hicho hasira yangu itaonekana ya kitoto. Katika fimbo, mwanafunzi hapigi mpaka afunguliwe. Kufunguliwa ni fundi kuushusha mkono wake kwa hiari, fimbo ikaelekea chini, na kumwacha mwanafunzi amguse kichwa kwa ncha ya fimbo, mara moja, taratibu, mbele ya watu. Basi. Kuanzia hapo unaruhusiwa kupiga uwanjani na unaruhusiwa kufundisha. Asiyefunguliwa, hata apokee kama nini, ni mwanafunzi, na akifa atazikwa mwanafunzi. Hilo ndilo nililolitaka, na nililitaka kuliko nyumba ya bati.

Harusini ndipo nilipoadhirika. Niliingia uwanjani na wanaume wa kila aina, wakanipiga kwa kila namna, na hakuna fimbo iliyonifika. Lakini nami sikumpiga mtu. Wanawake wakaanza: "Jamani, huyo ni mume au ni ngao?" Siku ya harusi yangu mwenyewe, mjomba wa mke wangu aliingia na fimbo, akanipiga mpaka jasho likamwingia machoni, mwishowe akasimama katikati ya uwanja akihema, akaniambia, "Basi rudisha hata moja, mwanangu, kwa heshima." Sikurudisha. Kesho yake mke wangu aliniuliza, bila ubaya wowote, "Kwani wewe utapiga lini?" Nilimwambia Idi ijayo.

Idi ndiyo iliyokuwa siku ya kufunguliwa. Nilisimama mbele ya Fundi, ngoma ikapunguzwa, watu wakanyamaza. Aliishika fimbo yake, akaitazama, akautazama mkono wake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Bado." Na zumari likaanza upya kana kwamba hakuna lililotokea.

Idi iliyofuata akasema bado. Na ile nyingine. Hakusema nimekosea wapi. Nilimwuliza kama ni miguu, kama ni macho, kama ni moyo, naye alijibu "Bado" kana kwamba neno hilo ni chakula na limenishibisha. Nilianza kwenda kwake alfajiri kabla ya zamu yangu ya kiwanda cha nguo, nikajipigisha ukutani na yeyote niliyemkuta, nikaingia kazini na mikono imevimba, mashine inanipita. Msimamizi alinionya kuwa nitafukuzwa. Nilimjibu kwamba nikifukuzwa nitapata nafasi zaidi ya mazoezi, na wallahi sikuwa natania.

Wenzangu waliondoka. Mmoja alikwenda jeshini na hakurudi tena uani. Mwingine aliingia ngumi. Wa tatu alijiunga na karate mjini, na baada ya miezi michache akaja kutuonyesha mkanda wa rangi, nguo nyeupe zimenyooshwa kama za bwana arusi. Fundi aliushika ule mkanda, akauvuta kuona kama una nguvu, akamwuliza, "Unafungia suruali?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini nilipokuwa natembea kwenda nyumbani kicheko kilinikauka, kwa sababu yule alikuwa na kitu cha kumwonyesha mkewe na mimi sikuwa nacho.

Kilichoniudhi kupita yote ni kwamba mhubiri huyu wa subira hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Aliungua ulimi kila asubuhi na kila asubuhi akamlaumu Mama. Foleni ya duka la ushirika ilimshinda. Alifika, akatazama watu waliopanga vikapu vyao, akatema mate, akarudi nyumbani bila sukari, na Mama akavaa kanga akaenda kusimama mwenyewe. Kwenye mikutano ya nyumba kumi aliinuka akaondoka balozi akiwa katikati ya sentensi. Ukimsimulia jambo alikukata: "Mwisho wake nini? Niambie mwisho." Huyo ndiye aliyeniambia nisubiri.

Sitasema alikuwa mkatili. Mtoto wangu wa kwanza alipougua surua, Fundi alikuja kila siku na kukaa mlangoni kwangu, akichonga kipande cha mti, mpaka mtoto alipopona. Mti ule ukawa kitu cha kuchezea. Binti yangu anacho hadi leo. Nikikumbuka hilo nazidi kukasirika, maana ingekuwa rahisi kumchukia mtu mbaya.

Kisha likaja jambo la kikundi. Katibu wa tawi alikuja uani, kaunda suti imenyooshwa, viatu vinalia, akamkuta Fundi anachonga.

"Ndugu Fundi, tunataka vijana wa kucheza fimbo siku ya sherehe za Chama. Kutakuwa na wageni wakubwa. Huu ni utamaduni wetu, lazima waone. Unaweza kuwaandaa kwa muda gani?"

Nilikuwepo, mgongo ukutani. Nilijiandaa kumsikia Fundi akimfukuza. Nilijua hata maneno atakayotumia.

"Mvua zikikatika watakuwa tayari," Fundi alisema.

Waliletwa vijana wa Umoja wa Vijana ambao hawajawahi kushika fimbo ila ya kuchungia mbuzi. Akawafundisha kupiga. Kupiga! Moja, mbili, geuka, ruka, piga ya juu, piga ya chini. Sisi tuliobaki ukutani tuliwatazama wakirudisha fimbo kwa furaha, mbele ya macho yetu, katika ua ambao mimi nilinyang'anywa fimbo kwa kutikisa kiwiko. Siku ya sherehe walivaa misuli mipya waliyogawiwa na tawi, wakacheza, wageni wakapiga makofi, na mpiga picha akawapiga picha. Nilisimama kwenye umati, mikono mifukoni.

Jioni nilimfuata. Sikumwamkia.

"Fundi, mimi niko ukutani kwako tangu lini? Nijibu!"

"Tangu zamani."

"Na wale?"

"Wale nimewapa kitu cha kusahau," alisema, akaendelea kuchonga. "Mwakani hawatakumbuka hata fimbo inashikwa upande gani."

"Na mimi umenipa nini?"

"Wewe huwezi tena kusahau, hata ukitaka."

Nilimwambia neno ambalo sitaliandika hapa, Mama akatoka jikoni kulisikia, na nikaondoka nikaapa sirudi. Nilikaa nyumbani msimu mzima. Kilichonirudisha si mapenzi. Siku moja kiwandani mwenzangu alinirushia gurudumu la uzi kwa mzaha, nyuma ya kisogo, na mkono wangu ukapanda ukalipokea kabla sijaliona. Watu wakashangilia. Mimi niliutazama mkono ule kama wa mtu mwingine, nikajua kwamba nimekwisha kuliwa, hakuna nilichobakiza cha kupeleka kwenye ngumi wala karate. Jumamosi nilikuwa ukutani tena. Fundi hakuuliza nilikuwa wapi. Alichukua mkole akanipiga.

Ikaja miaka ya shida, ya sabuni ya foleni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na ikaonekana kwamba mji umejaa watu wasio na kazi. Mgambo walipita mitaani wakidai vitambulisho vya kazi. Siku walipoingia uani kwa Fundi mimi nilikuwa nimetoka zamu, kitambulisho changu cha kiwanda kifuani.

"Kazi yako nini, mzee?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa mipini. Na wa fimbo."

"Wa fimbo!" Wakacheka, wakatazamana. "Mzururaji huyu. Panda gari."

Mzururaji! Mpaka leo neno hilo linanipanda kichwani kama homa. Mtu ambaye sijawahi kumwona akizurura hata mpaka sokoni, aliyeanza kuchonga kabla jogoo hajamaliza, ambaye majembe yaliyoimbwa majukwaani yalishikwa kwa mipini yake, leo hana kazi kwa sababu hana karatasi. Mmoja wa mgambo akainua rungu ili kumharakisha. Halikuwa pigo la kuumiza, kila mtu aliliona. Lilikuwa la kumgusa bega, apande, balozi angemfuata kituoni na kumtoa kabla ya Magharibi. Mama alilia kutoka mlangoni, "Acha likupate, mume wangu! Acha likupate!"

Hakuacha. Mpini aliokuwa akiuchonga ulipanda, ukalipokea rungu, na rungu likaruka likaangukia mtaroni mbele ya mtaa mzima. Ndipo walipomvamia wote, wakamshika miguu na mikono, wakamtupa ndani ya lori. Alishtakiwa kwa kumpiga mgambo aliye kazini. Maisha yake yote hajawahi kutufundisha kumpiga hata nzi, na aliwekwa ndani kwa kosa la kupiga, kisha akapelekwa kijijini akalime. Nilisema ni kiburi. Nilimwambia Mama waziwazi, mumeo kiburi chake kimemponza. Mama alinitazama, akanipa maandazi.

Aliporudi alikuwa mwembamba na miguu imevimba. Hakuweza kusimama muda mrefu. Wanafunzi walikuwa wametawanyika, na ukuta Mama aliusiliba ukakaa hivyo hivyo, safi, hakuna wa kuuchafua. Nilikwenda kumwona mara chache, kwa adabu tu. Mara ya mwisho nilikwenda kwa jambo maalumu. Vijana wa mtaani kwangu Mtoni walikuwa wanataka kirumbizi, na hakuna mwingine wa kuwafundisha ila mimi, ambaye kwa mila sikuwa na ruhusa ya kumfundisha mtu.

Nilimkuta amekaa juu ya kitanda cha kamba chumbani, anajipepea kwa pepeo la ukili.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mwisho wake nini?"

"Vijana wa Mtoni wanataka niwafundishe. Nitawafundisha. Sikuja kuomba, nimekuja kukuambia."

"Bila kufunguliwa?"

"Umeniachia njia gani?"

Akauliza fimbo yangu iko wapi. Nikamwambia iko mlangoni. "Ilete," akasema, na akavua kofia.

Sikuwahi kukiona kichwa kile kikiwa wazi kwa karibu vile. Zamani alikuwa akijisifu kwamba tangu aitwe fundi hakijaguswa na fimbo ya mtu. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, na mvi zake laini kama za mtoto mchanga. Niliinua fimbo. Nilisahau hasira kwa kitambo. Niliishusha taratibu, kama mila inavyotaka, na pepeo likapanda likaipokea.

Tulitazamana. "Ngoja," akasema. Akaliweka pepeo chini. "Rudia."

Nikarudia. Mkono mtupu ukapanda, ukaisukuma fimbo kando kwa kiganja, kwa ufundi ule ule alionitesa nao ujana wangu wote.

"Fundi, unanichezea? Hata leo?" Nilikuwa napiga kelele. "Hata leo umenivulia kofia ili unicheke?"

"Mkono mshenzi huu!" akasema, na akaupiga mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Ndipo nilipoona machozi. "Unadhani nilitaka? Kila Idi nilikusudia. Wallahi kila Idi. Nauambia shuka, haushuki. Nisemeje mbele ya watu, kwamba fundi hautawali mkono wake mwenyewe?"

"Kwa hiyo ukasema ni mimi."

"Nikasema ni wewe."

Wenzangu waliondoka uani pale wakiamini hawafai. Mmoja wao amekufa akiamini hivyo. Mimi nilibaki nikiamini sifai, nikaliamini hilo harusini kwangu, nikaliamini mbele ya mke wangu, nikaliamini kila alfajiri kwa miaka yangu yote mizuri, na kumbe nilikuwa tayari na aliyekuwa hajawa tayari ni yeye. Nilitaka kumpiga. Si kumgusa. Nilijua pia kwamba nikimpiga atapokea, na kwa hilo nikazidi kuungua.

"Mama!" akaita. "Njoo unishike mkono."

Mama alikuja akijifuta unga. Hakuuliza kitu. Alikaa kitandani, akauvuta mkono wa kulia wa mumewe mapajani mwake, akaushika kwa mikono miwili kama anavyoshikwa kuku anayesubiri kisu. Mkono wa kushoto Fundi akaukalia mwenyewe.

"Haya, mguse upesi," Mama akaniambia. "Nina mboga jikoni."

Nikashusha fimbo. Mkono uliruka mapajani mwa Mama, ukavuta, ukajipinda, Mama akaung'ang'ania mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ncha ya fimbo ikatua juu ya zile mvi. Fundi alikuwa amefumba macho kwa nguvu zake zote. Niliiacha ncha pale kidogo, kisha nikaiondoa.

Alifumbua jicho moja.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo," nikamwambia. "Tayari."

Akatoa mkono wa kushoto aliokuwa ameukalia, akajishika utosini, akapapasa pale nilipomgusa.

"Kumbe haiumi," alisema.

Nimetukanwa na watu wengi maishani, wakubwa kwa wadogo, na hakuna tusi lililonikasirisha kama maneno yale mawili. Mama alimwachia mkono akarudi kwenye mboga yake. Mimi nilikaa sakafuni, fimbo mapajani, nikalia kwa sauti mpaka jirani akaja mlangoni kuuliza nani amefariki.